Macho ya Zuwena

Mzoea moshi hulaumu macho.

Bi Riziki aliitoa methali hii asubuhi moja, amekaa barazani na wajukuu zake wawili, nyungo mapajani, wanachagua mchele wa arusi ya jirani. Salha, mkubwa wao, alikuwa na mchumba, na mchumba alikuwa na simu isiyochoka. Kila ilipolia, Salha alinyanyuka akaenda kusimama pembeni ya ukuta, na walichosikia wenziwe kilikuwa kile kile: "Samahani. Ni kosa langu. Najua, mimi ndiye nisiyeelewa upesi." Kisha alirudi, akauchukua ungo wake, akatabasamu kama mtu aliyeazima tabasamu na anatakiwa alirudishe.

"Mimi nina matatizo yangu," aliwaambia bila kuulizwa. "Mtu wa kunivumilia mimi lazima awe na moyo."

Bi Riziki hakumtazama. Aliokota kijiwe mcheleni, akakitupa uani, akasema, "Mzoea moshi hulaumu macho."

"Hiyo umeitoa wapi, bibi?" aliuliza Mize, mdogo wake Salha. "Shuleni hatujafundishwa hiyo."

"Wangekufundisha yote, mimi ningebaki na kazi gani? Chagua mchele, mkono usisimame. Hii ina mwenyewe, na chanzo chake ndicho hiki."

*

Hapo zamani, katika kijiji cha Mikunguni, alikuwapo msichana jina lake Zuwena. Msichana huyu alijulikana kwa kicheko. Akicheka kisimani, waliokuwa shambani waliinua vichwa wakasema, "Leo Zuwena kafurahi," na wao wakafurahi bila kujua wanafurahia nini. Wazee waliokuwa wakali kwa watoto wao walimwacha Zuwena acheke.

Akaolewa na Shaame. Na Shaame, msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na sauti ya chini, nguo safi, na salamu kwa kila mtu. Katika maisha yao yote hakumwinulia mkono mkewe. Watu walimwambia Zuwena, "Umepata," na Zuwena naye aliona kapata.

Kazi ya nyumba ile ilikuwa mbata. Shaame aliangua na kufua nazi, Zuwena akazivunja, akazipanga juu ya kichanja ndani ya banda, akawasha moto chini yake na kuulinda mpaka nyama ya nazi ikauke na kubanduka kwenye kifuu. Anayeijua kazi hii anajua kwamba kifuu kikiungua hutoa joto zuri na moshi kidogo, lakini makumbi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, hasa yakiwa na unyevu, hutoa moshi wa kumtoa nyoka shimoni. Shaame aliviweka vifuu kando aviuze, akataka banda liwashwe makumbi. Zaidi ya hapo, baba yake aliyelijenga banda lile alikuwa ameacha tobo juu, chini ya kipaa, moshi upate njia. Mwaka wa kwanza wa ndoa mvua ilipenya, ikalowesha mbata, na Shaame akapanda na makuti akaliziba.

"Mume wangu, humu ndani kuna moshi mwingi," Zuwena alimwambia siku zile za mwanzo. "Macho yananiwasha."

Shaame alimshika kidevu, akamtazama kwa huruma. "Wanawake wangapi wanakausha mbata kijijini hapa? Umemsikia nani akilalamika? Ni macho yako, Zuwena. Una macho dhaifu. Lakini usijali, mimi nimekuoa wewe na macho yako."

Maneno yale yalikuwa na asali, na Zuwena aliyameza. Shaame alikwenda mjini akarudi na kichupa cha dawa. Kila jioni alimlaza mkewe kichwa mapajani, akamtia matone, akimwambia polepole, "Angekuwa mwanamume mwingine, angekurudisha kwenu." Na Zuwena, machozi yakimtiririka, alimshukuru.

Basi ikaendelea hivyo, na haikuishia kwenye macho. Wageni wakija, Zuwena akicheka, Shaame alisubiri waondoke ndipo amwambie, "Unajua walivyokuwa wakikutazama? Nakwambia mimi kwa sababu nakupenda, wao watakusengenya." Zuwena akapunguza kicheko. Chumvi ikizidi mchuzini, Shaame hakugomba. Alisukuma sahani, akanuna, akanyamaza siku kadhaa, na nyumba nzima ikawa nzito mpaka Zuwena aende akamwombe radhi. Akimuuliza kosa lake ni lipi, alijibiwa, "Kama hulijui, basi ndilo hilo." Akikasirika yeye Shaame, akavunja kikombe, alisema, "Tazama ulivyonifanya."

Zuwena akajifunza kuomba samahani kabla hajaulizwa. Aliomba samahani mlango ukijibamiza, kuku akiparua, mvua ikinyesha juu ya nguo alizoanika. Miaka ikapita. Kisimani watu walisahau kwamba mwanamke yule mnyamavu, mwenye macho mekundu na ncha ya kanga usoni, ndiye aliyekuwa akiwafanya wainue vichwa mashambani.

*

Zuwena alikuwa na mdogo wake, Mashavu, ameolewa kijiji cha Mfenesini, mbali kidogo. Mama yao alikwisha kufariki. Mashavu alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ikaja habari kwamba dada anahitajika kwenda kumlea mzazi mpaka atoke arobaini. Hili lilikuwa jambo la mila, na Shaame, pamoja na kununa kwake kote, asingeweza kulipinga na uso wake ukabaki safi mbele ya watu. Alimfungia mkewe kichupa kwenye pindo la kanga.

"Usiache dawa hata siku moja," alimwambia. "Huko hakuna anayeyajua macho yako kama mimi."

Zuwena alifika Mfenesini na hofu zake zote. Alimkanda mdogo wake kwa maji ya moto, akampikia uji wa pilipili manga, akafua nguo za mtoto. Jiko la Mashavu lilikuwa uani, chini ya makuti manne tu, kuta hakuna, na walipikia vifuu. Siku ya pili maji yalimponyoka yakamwagika chumbani. Zuwena akapiga magoti papo hapo, akayafuta kwa kanga yake mwenyewe, "Samahani, samahani, sijui mikono yangu ina nini."

Mashavu aliinua kichwa kitandani. "Dada, yamemwagika maji. Kayateke mengine."

"Hukukasirika?"

"Nikasirikie maji?"

Zuwena alibaki na kanga iliyolowa mkononi, akingoja. Alidhani mdogo wake atanuna baadaye. Jioni ikafika, kesho yake ikafika, na Mashavu hakununa, tena alikuwa ameshalisahau jambo lenyewe.

Siku moja Zuwena alikuwa amempakata mtoto, na mtoto, bila kumpa taarifa mtu, akamkojolea kifuani. Zuwena akashtuka, akamwambia yule mchanga, kwa adabu kabisa, "Samahani, baba."

"Kwanza ni msichana," alisema Mashavu. "Pili, amekukojolea yeye, samahani unaomba wewe?"

Wakatazamana. Halafu kitu kikamtoka Zuwena kifuani, kwanza kama kikohozi, halafu kikafunguka, na jirani aliyekuwa akitwanga nyumba ya pili akaacha mchi hewani. Zuwena alicheka mpaka akakaa chini. Mashavu alicheka huku ameshika tumbo lake linalouma na kumwomba dada yake anyamaze asimuue, na alipomaliza kucheka alilia, kwa sababu alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu siku ya arusi ya dada yake.

Tangu hapo siku zilikwenda kwa wepesi. Asubuhi moja Mashavu alikuwa akishona kofia ya mtoto, uzi ukamtoka sindanoni. Zuwena aliipokea sindano, akaupitisha uzi mara moja, akamrudishia. Mashavu akamtazama. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya taa iliyokuwa dirishani, akatoa kichupa kilichofunikwa na vumbi.

"Dada, hii si dawa yako? Mbona huitii?"

Zuwena alikishika kile kichupa kama kitu cha mtu mwingine. Hakukumbuka mara ya mwisho kukigusa. Alijipapasa kope, zilikuwa kavu. Akatazama ukutani, akaona siafu wanapanda kwa mstari, mmoja mmoja.

"Labda ni hewa ya huku," alisema.

Mashavu alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Lakini alimpenda dada yake, na aliogopa kwamba akimsukuma atakimbilia upande ule ule alikotoka. Alisema tu, "Labda," akaendelea kushona.

*

Siku ya kutoka arobaini Shaame akaja kumchukua mkewe, amefuatana na mama yake mzazi, Bi Hidaya. Alileta mkungu wa ndizi na doti ya kanga, akamsifu mtoto, akamsalimia kila mtu kwa jina. Hapakuwa na aliyemwona asimpende.

"Umenenepa," alimwambia Zuwena, akitabasamu. "Naona huku hakuna kazi."

"Samahani," alisema Zuwena.

Wakaketi uani. Mtoto alipiga chafya ndogo kama ya paka, Zuwena akacheka, na Shaame akamtupia jicho. Jicho moja tu, la pembeni, ambalo wengine hawakuliona. Kicheko kikakatika katikati. Zuwena akainamisha kichwa, na mkono wake wenyewe ukapanda na ncha ya kanga, ukaanza kufuta macho. Yalikuwa yamejaa maji.

"Mnaona?" Shaame aliwageukia wenyeji kwa masikitiko, huku akitoa kichupa kipya mfukoni. "Nilimwambia asiache dawa. Mimi ndiye ninayejua ninavyohangaika na macho ya mwanamke huyu. Twende nyumbani, Zuwena. Mbata zimelala."

Zuwena alikitazama kichupa. Akaligeukia jiko la Mashavu. Moto ulikwisha kuzimwa tangu asubuhi, na majivu yalikuwa yamepoa, kuku amelala juu yake. Aliutazama uwanja mzima, upepo unapita, nguo nyeupe za mtoto zimeanikwa na hazina doa.

"Shaame," alisema, "hapa hakuna moshi."

"Nani kasema habari za moshi?"

"Nimekaa hapa arobaini nzima. Nimepika, nimefua, nimetunga uzi kwenye sindano. Dawa nimeisahau nyuma ya taa. Macho hayakuniuma hata siku moja. Umekuja wewe, hatujamaliza hata kunywa maji, na tazama."

Shaame akacheka kidogo, akawatazama watu. "Jamani, sasa mimi ni moshi! Mke wangu kafundishwa maneno huku."

"Sijafundishwa na mtu. Hakuna aliyeniambia neno."

"Zuwena, unanitia aibu mbele ya mama."

Lile neno lilikuwa tayari ulimini: samahani. Zuwena alilisikia likija, akaibana midomo. Bi Hidaya ndiye aliyeingilia.

"Shaame," alisema yule mama, "tobo la banda alilotoboa baba yako, liko wapi?"

"Niliziba, mama. Mvua ilikuwa ikiingia."

"Lini?"

"Zamani. Mwaka niliooa."

Bi Hidaya alivuta pumzi. Alikuwa amelinda moto wa banda lile ujana wake wote, na macho yake yalikuwa mazima mpaka siku ile. "Basi umemfungia mtoto wa watu ndani na moshi miaka yote hii, halafu ukawa unamtia dawa. Na mimi nikimwona macho mekundu, nikaamini uliyoniambia. Zuwena, mwanangu, baki hapa kwanza. Wewe, Shaame, mbata zako zimelala, nenda kaziamshe mwenyewe."

*

Msidhani Zuwena alifurahi. Usiku alilala hapati usingizi, akimwonea huruma mumewe. Nani anampikia? Nani anafukuza kunguru kwenye nazi? Alimwambia Mashavu, "Akiingia mwenyewe bandani, atajua. Akitoka akaniambia neno moja tu, 'Pole, kumbe uliteseka,' nitarudi. Siombi zaidi."

Mashavu hakulipenda wazo hilo, lakini alimkumbatia akamwambia, "Nenda ukaone kwa macho yako. Ni mazima sasa."

Bi Hidaya akaja kumchukua, wakaenda pamoja Mikunguni. Tangu mbali waliona moshi ukitoka kwenye kila upenyo wa banda. Alikuwa amejitanda zile kanga mpya alizoletewa, na njiani alikuwa amekwisha kumsamehe mumewe nusu, nusu iliyobaki ameishika mkononi, tayari kuitoa.

Mlango ukafunguka. Shaame akatoka anayumba, anakohoa, macho mekundu kama pilipili, machozi yanamchuruzika mpaka ndevuni. Alijifuta kwa kiganja, akamwona mkewe.

"Umeona ulivyoniachia banda?" alisema. "Umeniachia makumbi mabichi. Tazama ulichonifanyia, Zuwena."

Makumbi yale aliyafua yeye juzi yake. Moto aliuwasha yeye. Tobo aliliziba yeye. Zuwena alisimama akimwangalia, na ile nusu aliyoishika akaiona haina pa kuiweka. Angeweza kungoja neno lile mpaka nywele zake zigeuke nyeupe. Hakukasirika, aliumia tu, na pamoja na maumivu akaona wepesi fulani mabegani ambao hakuutarajia.

Alifungua pindo la kanga, akatoa kile kichupa cha vumbi, akamwekea Shaame mkononi.

"Tia hii jioni," alimwambia bila kejeli. "Lakini kwanza panda ukafungue tobo."

Kisha akageuka. Bi Hidaya akamfuata. Walipofika kwenye mikorosho Zuwena akalia, kilio cha kweli, si cha moshi.

"Mama, mimi mjinga gani? Miaka yote hii nayalaumu macho yangu! Mtu mzima nisiyejua moshi ni moshi?"

Bi Hidaya alimsimamisha njiani, akamfuta machozi kwa kanga yake mwenyewe, jicho la kulia kisha la kushoto, kama mtu anayemwosha mtoto.

"Wewe si mjinga, mwanangu. Mzoea moshi hulaumu macho. Aliye ndani hauoni moshi, ndiyo hewa yake. Lililo kubwa umelifanya, umetoka."

Hivyo ndivyo maneno hayo yalivyosemwa mara ya kwanza, na aliyeyasema ni mama mkwe, akimwambia mkwewe, juu ya mwanawe wa kumzaa. Mjue ilimgharimu.

Wazee walikaa, shehe akaitwa, na Zuwena akapewa talaka yake bila kelele. Akajenga banda lake Mfenesini, tobo lake kubwa hata mvua ikaingia, naye alisema heri mbata mbili tatu zilowe. Wanawake walikuja kukausha nazi zao pale. Mmoja wao akisema, "Mimi ndiye mbaya, mimi ndiye nisiyejua kuishi na watu," wenzake walimuuliza kwanza, "Macho hayo, au moshi?" Bi Hidaya alikuja kila msimu kumtembelea, na aliitwa mama mpaka alipokufa. Wako wanaosema Shaame alilifungua tobo mwishowe. Inawezekana. Zuwena alimwombea heri, kutokea Mfenesini.

*

Nyungo zilikuwa zimesimama zamani, na Bi Riziki alijifanya hazioni.

"Na yule mtoto aliyemkojolea?" aliuliza Mize.

"Alikua, akazeeka, na sasa anawachagulia mchele wavivu wawili. Kicheko cha mama mkubwa nilikikuta mpaka nimeolewa. Tulikuwa tukikisikia tukiwa shamba, tunaacha majembe."

Simu ya Salha ikalia juu ya mkeka. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Salha aliinyanyukia, mkono ukafika nusu ya njia, ukasimama hapo.

"Bibi," alisema, sauti yake ndogo, "mtu atajuaje? Pengine kweli macho yake ni mabovu."

Bi Riziki aliweka ungo chini. Alimvuta mjukuu wake, akakilaza kichwa chake begani, simu ikiendelea kulia.

"Yapo macho mabovu, mjukuu wangu, sikatai. Ndiyo maana mtu hutoka nje kwanza. Kaa na mimi hapa mpaka arusi ya jirani ipite. Cheka, kula, mwaga maji, vunja na kikombe ukitaka, ninavyo vingi. Halafu tutayatazama hayo macho pamoja, mimi na wewe."

Salha aliichukua simu, akaizima, akauvuta ungo wake karibu. Kichwa akakirudisha pale pale begani, na Mize akamsikia dada yake akisema taratibu, kama anayejaribu kiatu, "Mzoea moshi hulaumu macho."